Umetengeneza kiendelezi cha kihariri: ukiweke duka lipi?

Vijana wengi wanaotufuatilia wamejifunza kuandika programu za kompyuta. Wengine wamesomea vyuoni, wengine wamejifunza kwa simu tu na bando la usiku. Mtu huanza kwa kuandika kitu cha kumsaidia mwenyewe. Kazi ngumu huja baadaye, pale anapotaka kitu hicho kiwafikie watu wengine, kiwafae, na jina lake libaki juu yake.

Leo tunaeleza sehemu moja ya kazi hiyo: ukishatengeneza kiendelezi cha kihariri cha msimbo, unakichapisha wapi? Tutaanza na maana ya maneno, ili hata msikilizaji ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu tuende naye pamoja.

Kihariri ni nini, na kiendelezi ni nini?

Programu yoyote unayoitumia kwenye simu iliandikwa na mtu kwa maneno na alama maalumu. Maandishi hayo ndiyo msimbo. Mahali pa kuuandikia panaitwa kihariri. Ni kama daftari, ila daftari hili linapaka rangi maneno ili yasomeke vizuri, na linakuonyesha ulipokosea.

Kihariri kinachotumika zaidi duniani kwa sasa ni Visual Studio Code, ambacho wengi hukiita VS Code kwa kifupi. Kilitangazwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwezi Aprili 2015. Katika uchunguzi wa mwaka 2024 ambao tovuti ya Stack Overflow huufanya kwa watengenezaji programu, zaidi ya asilimia 70 ya waliojibu walisema wanakitumia.

Kiendelezi ni programu ndogo unayoiongeza ndani ya kihariri ili kifanye kazi ambayo hakikuja nayo. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana ametengeneza kiendelezi kinachochukua ujumbe wa makosa wa lugha ya Python, ambao huja kwa Kiingereza, na kuueleza kwa Kiswahili chepesi. Mwanafunzi wa kidato cha pili akikosea, anasoma kosa lake kwa lugha anayoielewa. Mfano huu tutaurudia mara kadhaa hapa chini.

Kiendelezi kikikamilika hufungwa kwenye faili moja lenye jina linaloishia na herufi VSIX. Kwa mtu wa simu, VSIX ni ndugu yake APK. APK unaweza kuipata Play Store, unaweza kuipata duka lingine kama F-Droid, au rafiki akakurushia kwa Bluetooth. VSIX nayo ina njia tatu kama hizo.

Maduka ni mawili makubwa

Duka la kwanza ni Visual Studio Marketplace. Ni mali ya Microsoft, na ndilo VS Code hutafuta humo mara tu unapofungua sehemu ya viendelezi. Huhitaji kubadilisha mpangilio wowote.

Duka la pili ni Open VSX. Lilianzishwa na kampuni ya TypeFox ya Ujerumani, kisha likachukuliwa na Eclipse Foundation, taasisi isiyo ya kibiashara inayosimamia miradi mingi ya programu huria na yenye makao makuu mjini Brussels, Ubelgiji. Msimbo wa duka lenyewe uko wazi, na anayetaka anaweza kuusoma au kuanzisha duka lake kwa kuutumia.

Katika maduka yote mawili huulizwi ada ya kuchapisha, na anayepakua halipi kitu. Kwa hiyo usiyalinganishe kwa bei. Angalia nani anaruhusiwa kununua wapi, ingawa bei ni sifuri.

Kwa nini kuna mawili?

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Microsoft iliweka wazi msimbo wa VS Code mwezi Novemba 2015, chini ya leseni ya MIT inayomruhusu mtu yeyote kuuchukua, kuubadilisha na kutengeneza kihariri chake. Wengi wamefanya hivyo. VSCodium ni mmojawapo. Cursor na Windsurf, vihariri vinavyokuja na akili bandia ndani yake, vimejengwa juu ya msimbo huohuo.

Lakini kilichotolewa bure ni msimbo wa kihariri. Duka halikutolewa. Masharti ya Visual Studio Marketplace yanasema viendelezi vinavyopatikana humo ni vya kutumika na bidhaa za Microsoft za familia ya Visual Studio. Ni kama mtu aliyegawa mbegu kwa kijiji kizima lakini ghala akabaki nalo mwenyewe: panda utakavyo, ila usihifadhi mavuno yako ghalani kwake. Ndiyo maana vihariri vingine vilihitaji ghala jingine, na Open VSX ikawa jibu.

Nani yuko wapi?

Watu wengi zaidi wako upande wa Microsoft. Ukitaka kiendelezi chako kionekane na walio wengi, huwezi kukwepa Visual Studio Marketplace. Mwalimu wa chuo anayefundisha kwa kompyuta za maabara, mfanyakazi wa ofisini, mwanafunzi mwenye laptopu: wengi wao wanatumia VS Code yenyewe.

Upande wa Open VSX wako watumiaji wa VSCodium, Cursor, Windsurf, Eclipse Theia na wengine. Yumo pia mtu mmoja anayesahauliwa, ambaye sisi huku mikoani tunamfahamu vizuri: kijana asiye na kompyuta.

Kijana huyo anatumia simu ya Android. Anaweka programu iitwayo Termux, inayompa dirisha la amri kama la kompyuta. Ndani ya Termux anaweka code-server, toleo la VS Code linalofunguka ndani ya kivinjari. Watengenezaji wa code-server wameandika maelekezo ya kuitumia kwa njia hii. Skrini ni ndogo na vidole vinachoka, lakini msimbo unaandikika. Sasa code-server, kwa mpangilio wake wa kawaida, hutafuta viendelezi Open VSX. Haitafuti Visual Studio Marketplace.

Turudi kwenye mfano wetu. Kiendelezi cha kueleza makosa ya Python kwa Kiswahili kimetengenezwa hasa kwa ajili ya anayeanza kujifunza akiwa hana vifaa. Kikiwekwa kwenye duka la Microsoft peke yake, mwanafunzi mwenye simu tu atakitafuta na hatakiona. Atadhani hakipo. Aliyekusudiwa ndiye atakayekikosa.

Kujiandikisha: kila duka lina mlango wake

Kwa Visual Studio Marketplace unahitaji akaunti ya Microsoft, kisha unafungua utambulisho wa mchapishaji. Utambulisho huu una kitambulisho cha herufi ambacho hakibadilishwi baada ya kukichagua, kwa hiyo usiandike kwa mzaha jina utakaloona aibu kulitaja kwenye usaili wa kazi. Njia ya kawaida ya kupakia ni kwa chombo cha amri kiitwacho vsce, kinachohitaji tokeni kutoka huduma ya Azure DevOps. Tokeni ni neno la siri refu lililotengenezwa na mashine. Ina muda wa kuisha, na ikiisha unatengeneza nyingine. Asiyetaka amri anaweza kupakia faili lake la VSIX kupitia ukurasa wa usimamizi wa duka kwenye kivinjari.

Kwa Open VSX unaingia kwa akaunti ya GitHub, unafungua akaunti ya Eclipse, kisha unakubali mkataba wa mchapishaji. Mkataba huo usome. Baada ya hapo unapata tokeni, unafungua nafasi ya jina lako, na unapakia kwa chombo kiitwacho ovsx. Open VSX pia hudai kila kiendelezi kiwe na leseni, yaani maandishi yanayosema wengine wanaruhusiwa kufanya nini na kazi yako. Hata kama duka lisingedai, leseni ni jambo la kuamua mapema. Msimbo usio na leseni ni kama kiwanja kisicho na hati, kila mtu anaogopa kujenga juu yake.

Vsce na ovsx vyote hutumia Node.js, ambayo inapatikana pia ndani ya Termux. Kwa hiyo hata mwenye simu tu hajafungiwa nje.

Jina lako ni mali

Jambo hili tunalisisitiza. Ndani ya kila kiendelezi kuna faili liitwalo package.json, na ndani yake kuna mstari unaotaja jina la mchapishaji. Jina hilohilo ndilo hutumika kama nafasi ya jina kule Open VSX. Ukifungua jina kwenye duka moja na kulisahau jingine, mtu mwingine anaweza kulichukua. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha popote, tafuta jina lako katika maduka yote mawili. Kama halina mwenyewe, lifungue pande zote, hata kama utapakia upande mmoja kwanza.

Kufungua nafasi ya jina Open VSX hakukufanyi moja kwa moja kuwa mmiliki aliyethibitishwa. Umiliki unaombwa hadharani kupitia GitHub, na mpaka uthibitishwe, duka huonyesha alama ya tahadhari kwenye viendelezi vyako. Kule Microsoft, mchapishaji anaweza kupata alama ya uthibitisho kwa kuonyesha kwamba anamiliki anwani ya tovuti, lakini kwanza kiendelezi chake kiwe kimekaa dukani angalau miezi 6. Anayeanza leo asishangae kuikosa alama hiyo.

Usalama: hakuna duka lisilo na panya

Kiendelezi kinaendeshwa ndani ya kompyuta ya mtu kikiwa na uwezo mkubwa. Kinaweza kusoma mafaili na kutuma taarifa nje. Wezi wanalijua hilo.

Mwezi Julai 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kisa cha mtengenezaji programu wa Urusi aliyepoteza sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban dola 500,000. Alitumia kihariri cha Cursor na kupakua kutoka Open VSX kiendelezi bandia kilichojifanya cha lugha ya Solidity. Alipotafuta, kile bandia kilionekana juu ya kile halisi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo iligunduliwa programu hasidi iliyopewa jina GlassWorm, iliyoingia kwenye viendelezi vya Open VSX. Ilijificha kwa kutumia herufi ambazo jicho la binadamu halizioni, ikaiba tokeni za wachapishaji ili kupitia kwao isambae zaidi.

Usidhani upande wa pili ni peponi. Microsoft hukagua kila kifurushi kwa ajili ya virusi, lakini viendelezi hasidi vimewahi kupita huko pia. Na ukaguzi wenyewe unaweza kumwangukia asiye na hatia. Mwezi Februari 2025 Microsoft iliondoa dukani kiendelezi cha rangi na mwonekano kilichojulikana kama Material Theme, kilichokuwa kimesakinishwa karibu mara milioni 9, kwa tuhuma kwamba kina msimbo hasidi. Kilizimwa hata kwenye kompyuta za waliokuwa nacho. Mwezi uliofuata Microsoft ilikirudisha na kumwomba radhi mwenye nacho. Kilichochangia tuhuma ni sehemu ya msimbo iliyokuwa imevurugwa makusudi isisomeke.

Kisa hicho kina mafunzo mawili kwa mchapishaji. La kwanza, usifiche msimbo wako bila sababu, maana mkaguzi asiyeweza kusoma hushuku. La pili, mwenye kiendelezi katika duka moja tu, duka hilo likifunga mlango asubuhi, jioni hana watumiaji. Aliye katika maduka mawili ana pa kushikilia wakati akijitetea.

Kuna pia hatari inayotoka kwa mchapishaji mwenyewe. Mwezi Oktoba 2025 watafiti wa kampuni ya Wiz walieleza kwamba walikuta maneno ya siri zaidi ya 550 yameachwa wazi ndani ya viendelezi zaidi ya 500. Miongoni mwake zilikuwamo tokeni za kuchapishia dukani. Anayeiokota tokeni kama hiyo anaweza kutoa sasisho kwa jina lako, na watumiaji wako wakalipokea wakiamini ni wewe uliyewatumia. Kosa hutokea kirahisi: umeandika tokeni kwenye faili, umesahau, umefunga kifurushi pamoja nalo.

Njia ya tatu: kumpa mtu VSIX mkononi

Unaweza pia kuacha maduka yote na kutuma faili la VSIX moja kwa moja, kwa WhatsApp, kwa flashi, au kwa kuliweka GitHub. Mpokeaji anafungua sehemu ya viendelezi na kuchagua kusakinisha kutoka faili la VSIX. Njia hii inafaa darasa lisilo na intaneti. Mwalimu anapakua mara moja, kompyuta 20 zinasakinishwa kwa flashi moja, na bando halijaguswa.

Ubaya wake ni masasisho. Kiendelezi kilichosakinishwa hivyo, kwa kawaida hakijisasishi chenyewe. Ukirekebisha kosa leo, waliokipata kwa flashi watabaki na kosa hilo mpaka uwafikishie faili jipya. Tena, faili linalopita mikono mingi linaweza kuchezewa njiani. Itumie njia hii kama nyongeza ya duka, na wape watu mahali pa kuhakikisha kwamba faili walilo nalo ni lako.

Basi uchague lipi?

Ushauri wetu kwa wengi ni huu: weka maduka yote mawili, kwa faili lilelile la VSIX. Kazi ya ziada ni ndogo ukishajiandikisha. Unafunga kifurushi mara moja, unakipakia mara mbili. Ukitoa toleo jipya unaongeza namba ya toleo, kwa sababu duka halipokei namba iliyokwisha tumika, kisha unapakia tena pande zote siku hiyohiyo. Usiache upande mmoja ukabaki na toleo kuukuu lenye makosa.

Kama una nguvu ya duka moja tu kwa sasa, jiulize unamtengenezea nani. Ukilenga wafanyakazi wa maofisini na vyuo vyenye kompyuta, anza na Visual Studio Marketplace. Ukilenga watumiaji wa programu huria, wa Cursor, au vijana wa Termux kwenye simu, anza na Open VSX. Na kama kiendelezi ni cha ofisi yenu tu, chenye mambo ya ndani yasiyofaa kuonekana na umma, kisiende duka lolote. Kipeaneni kwa VSIX.

Kabla hujaamua, chunguza jambo moja zaidi: kiendelezi chako kinategemea nini? Baadhi ya viendelezi vya Microsoft vyenyewe vina leseni inayovifunga kwenye bidhaa za kampuni hiyo. Pylance, kinachosaidia kuandika Python, ni mmojawapo. Mwezi Aprili 2025 watumiaji wa vihariri vingine walikuta kiendelezi cha Microsoft cha lugha za C na C++ kimekataa kufanya kazi kwao. Kiendelezi chako kikisimama juu ya kimojawapo cha hivyo, kukiweka Open VSX hakutasaidia, kwa sababu kitafika kwa mtumiaji kikiwa kimekatwa mguu.

Orodha ya kukagua kabla ya kubonyeza

1. Tafuta jina lako katika maduka yote mawili na ulifungue pande zote.
2. Weka leseni. Kama hujui uchague ipi, MIT ni fupi na inajulikana sana.
3. Andika maelezo ya kiendelezi kwa lugha ya watumiaji wako. Kama ni cha Kiswahili, anza na Kiswahili, kisha ongeza Kiingereza kifupi.
4. Punguza uzito. Faili liitwalo .vscodeignore hukuruhusu kuacha nje picha, majaribio na mafaili yasiyohitajika. Anayepakua kwa bando la siku atakushukuru.
5. Fungua VSIX yako uitazame ndani kabla ya kuipakia. Kimsingi ni faili la ZIP. Hakikisha hakuna tokeni wala neno la siri.
6. Hifadhi tokeni mbali na msimbo, ipe muda mfupi wa kuisha, na ukihisi imeonekana na mtu, ifute mara moja.
7. Sakinisha mwenyewe kutoka kila duka, ikiwezekana kwenye kifaa ambacho si chako, uone kama kinafanya kazi.

Kwa msikilizaji ambaye hatengenezi bali anapakua tu, mizani ni ileile unayoitumia na programu za simu. Tazama jina la mchapishaji herufi kwa herufi, tazama kama lina alama ya uthibitisho au ya tahadhari, na usiamini idadi kubwa ya upakuaji peke yake, kwa sababu idadi hiyo wezi huijaza. Kama mtengenezaji ana tovuti au ukurasa wake wa GitHub, fuata kiungo kutoka huko kwenda dukani badala ya kutafuta dukani na kubonyeza cha kwanza kinachojitokeza.